Mnataka Uso Wangu, Nawatumia Usukani

Luena, Haut-Lomami



Mama, mjomba, baba mdogo, dada na shemeji, pamoja na mpwa mnayemtwika kusoma barua hii kwa sauti: salamu zenu zimenifikia, na malalamiko yalitangulia kufika. Dada ameandika kwenye kundi la familia kwamba tangu niingie Kongo sijatuma picha hata moja ya binadamu. Shemeji anataka nipigwe picha nimeegemea jengo refu. Mama anataka uso tu, hata kama umekonda. Mlichopokea ni ng'ombe mwekundu aliyenigeuzia ubavu, pua ya Fuso, usukani wa Noah uliovalishwa manyoya, usukani wa lori ambalo kila kitu kingine kimeshauzwa, na ng'ombe tena. Baba mdogo kauliza kwa upole, ule upole wake wa kutisha, kama kazi ninayo.

Kazi ninayo. Ila kabla ya kazi, nisafishe jina la mji. Mpwa alitafuta Luena kwenye simu, ramani ikampeleka Angola, makao makuu ya Moxico, naye akatangaza kanisani kwamba mjomba wake siku hizi anaongea Kireno. Sina Kireno. Luena ile ni nyingine, Wareno waliiita Luso. Hii yangu iko Kongo, kwenye reli itokayo Tenke na Lubudi kwenda Bukama, kisha Kamina. Reli hiyo ilifika Bukama mwaka 1918, pale mto Lualaba unapoanza kukubali kubeba meli, na mwaka 1928 ikasukumwa hadi Ilebo. Luena yenyewe ilipata umaarufu kwa makaa ya mawe. Mkoa wetu ni mtoto mdogo, umezaliwa mwaka 2015 Katanga ilipokatwa vipande vinne, na Kamina ndiyo mji mkuu wake. Kwa hiyo mtu akiwauliza niko wapi, semeni Kamina, atafikiri anapajua na atanyamaza. Na kitu kirefu cha kuegemea hapa, shemeji, ni mwembe.

Kazi yangu ni ileile, kufufua malori. Barabara inayonilisha inaitwa ya taifa namba moja. Inaanzia Banana kwenye bahari ya Atlantiki, inapita Kinshasa, inakatiza Kasai, inateremka Kamina na hapa kwetu, halafu Likasi, Lubumbashi, mpaka Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia. Mkisikia namba moja msidhani ni lami. Kuna vipande ambavyo masika yakikolea, lori linazama hadi mlangoni, na matingo wanapika, wanafua, wanafanya urafiki na kijiji. Lori kama hilo likinifikia, haliletwi gereji, linalazwa wodini.

Sasa, fundi mwenye akili hupiga picha gari kabla hajaligusa, ili mwenyewe asije kudai redio ambayo haikuwepo. Ndivyo picha zilivyoanza. Unapiga mbele, nyuma, ubavu, ndani, dashibodi, usukani. Kazi inaisha, mwenye gari analipa au anaahidi, gari linaondoka, picha zinabaki. Jioni hapa umeme una ratiba zake, unakaa na simu unazipitia. Ndipo nilipotambua kwamba sura za madereva nimeshazisahau lakini sukani zao nazikumbuka moja moja.

Mnajua mkono unavyoandika kwenye usukani? Dereva wa lami hushika saa nne na saa nane, kidole gumba kimekumbatia mduara. Dereva wa huku hathubutu. Tairi likigonga kisiki chini ya tope, usukani wa lori la zamani unajizungusha wenyewe kwa hasira, na kidole gumba kilichozubaa ndani kinavunjika. Kwa hiyo anaegesha vidole gumba juu, nje ya mduara. Ukimpa usukani fundi aliyekaa barabara hii atakwambia, bila kumwona dereva, kama jamaa ni mwenyeji au ni mgeni anayejitafutia bendeji. Nina picha ya usukani wa Mercedes ile ya pua ndefu ambao plastiki imeisha yote, umebaki chuma, na chuma kimefungwa mpira wa tyubu ya baiskeli kwa ustadi kiasi kwamba nilimwomba mwenyewe asiuguse. Honi yake ya katikati ilishakufa. Anapigia swichi ya kengele ya mlangoni, aliyoibana pembeni kwa waya. Ukisimama mbele ya lori lile linapiga *ding-dong*, na ng'ombe wenyewe hawasogei.

Mtaniuliza, usukani si usukani tu? Hapana. Hapa usukani ni siasa.

Wabelgiji waliwaachia Wakongo upande wa kulia wa barabara. Sisi Watanzania, Waingereza walituachia wa kushoto, na Wazambia vilevile. Gari linatoka Japani likiwa na usukani wa kulia, linashushwa Dar es Salaam, linapita Mbeya, Tunduma, linakatiza Zambia yote likiwa na heshima zake. Linafika Kasumbalesa. Likivuka pale tu, barabara nzima inahamia upande wa pili na usukani unabaki ulipo. Kuanzia hapo dereva anasafiri akiwa amekaa upande wa majani. Mwaka 2007 serikali ya Kinshasa ilipiga marufuku kuingiza magari ya namna hiyo. Kinshasa, mkumbuke, iko karibu na bahari nyingine, na gari la kwenye bandari yao hutoka Ulaya likiwa na usukani wa kushoto. Katanga inakula kutoka Dar, kutoka Durban, kutoka kokote ambako watu huendesha kushoto. Marufuku ilitolewa, na mimi kila siku nafungua boneti za hayo magari.

Kero yake mtaijua siku mkitaka kulipita lori. Dereva wa usukani wa kulia haoni kitu mbele yake zaidi ya bodi la lori lenyewe. Kuchungulia hawezi, mpaka gari zima litoke. Inabidi amtegemee aliyekaa kushoto. Nilisafiri hivi karibuni kwenye basi dogo kwenda Kamina, kiti cha mbele kushoto amekaa bibi mmoja na kuku wake, na roho za watu wote mle zikawa mikononi mwa bibi.

"Mama, barabara iko muzuri?" dereva anauliza.

"Iko muzuri, mutoto wangu."

Gari linatoka. Lori lingine hilo hapo mbele. Linarudi.

"Mama! Umesema iko muzuri!"

"Barabara iko muzuri. Ile motokari njo mubaya."

Na mabasi hayo hayo, mlango wa kuteleza uko kushoto, kama yalivyotoka kiwandani. Kwetu abiria anashukia kando, penye wauza karanga. Huku anashukia katikati ya barabara, anakutana na pikipiki uso kwa uso. Ndiyo maana kondakta wa huku hushuka kwanza, anasimama katikati ya njia, ananyoosha mikono na kuzuia ulimwengu mpaka bibi na kuku wavuke. Nimeshampiga picha. Dada, huyo ni binadamu, naomba ahesabiwe.

Wenye uwezo huhamisha usukani. Hapo ndipo fundi wenu anapopata sabuni. Kwenye gari la fremu, Land Cruiser au pikapu, kuna ahueni. Kwenye gari dogo ni upasuaji. Stelingi reki ya kulia haifai kushoto, unatafuta nyingine. Pedeli zinahama, masta ya breki inahama, nyaya za mita zinarefushwa, na dashibodi inakatwa kwa msumeno halafu inashonwa upya. Ukimaliza, mteja anakaa kushoto, anashika usukani, machozi yanamlenga. Halafu mvua inanyesha. Wipa hazikuambiwa kitu. Zinaendelea kumfagilia kioo dereva wa zamani, na pembe anayochungulia dereva mpya inabaki na maji. Mteja anarudi kwa hasira. Unamweleza kwamba wipa ni hesabu nyingine. Na sehemu iliyokuwa na mita inabaki shimo, ambalo kila mtu huliziba kwa imani yake: picha ya Yesu, ua la plastiki, au mfano wa simba. Albamu yangu ya mashimo hayo ni nzuri kuliko ya sukani zenyewe, ila sijawatumia kwa sababu nawajua.

Na yuko mama wa Kijapani. Haya magari huja na sauti ndani ya dashibodi, ukiwasha tu mama anasema maneno yake kwa adabu sana. Nadhani anadai kadi ya kulipia barabara za kwao. Mwenye Noah mmoja hapa anaamini ni sala ya safari. Haondoi gari mpaka mama amalize, naye anaitikia "Amina". Alilileta nimtengenezee redio, maana redio za Kijapani za zamani masafa yake ya FM yanaishia chini, kwenye 90, na stesheni nyingi za huku ziko juu ya hapo. Alitaka redio mpya lakini mama abaki. Nilifanya kazi siku nzima kumwokoa yule mama.

Magari si yenye injini tu. Baiskeli huku wanaiita kinga, na ile ya mizigo haipandwi na mtu. Inabeba magunia ya makaa, madumu ya mawese, samaki wakavu wa Upemba, na mwenyewe anaisukuma kwa miguu siku kadhaa. Mzigo ukishafika kifuani huwezi kuufikia mpini ukiwa nyuma, kwa hiyo wanafunga mti mrefu kwenye mpini, na mti huo ndio usukani. Mkono mmoja umeshika mti, mwingine unasukuma kiti. Kwa macho yangu huo ndio usukani bora kuliko wote niliokusanya: hauna upande wa kulia wala wa kushoto, na hakuna serikali iliyoupiga marufuku.

Sasa ng'ombe. Mjomba, hapa ndipo nilipokuwa nakusubiri.

Mimi nimezaliwa kwenye boma ambalo ukifungua dirisha unapumuliwa usoni. Nilifikiri nchi ni watu, mvua na ng'ombe. Nilipofika huku nikakaa nikisubiri kuona ng'ombe, sioni. Naona mbuzi, kuku, bata, nguruwe, naona samaki wengi, maana Waluba wa mabonde haya ni watu wa maziwa na mito. Ng'ombe hakuna. Sababu ni mbung'o. Mbung'o anabeba nagana, na ng'ombe wetu wa zebu akiumwa na mbung'o, mara nyingi mwisho wake ni mchuzi. Kwa hiyo ng'ombe wa Katanga ni ng'ombe wa ranchi. Wabelgiji waliwaleta kwa makampuni. Moja iliitwa Elakat, ilianzishwa mwaka 1925 ili wachimbaji wa shaba wapate nyama. Wengi waliwekwa kwenye nyanda za juu za Biano, ambako ni baridi na mbung'o hapapendi. Mpaka leo Biano ni nchi ya ng'ombe. Huku kwetu bondeni, ng'ombe akipita ni habari, watoto wanatoka shule kumwangalia. Mimi natoka chini ya lori.

Basi mtu wa Kahama aliyekosa ng'ombe afanyeje? Anapiga picha. Mwanzo nilimtumia mjomba ng'ombe mmoja, yule mwekundu, nikitegemea salamu. Mjomba akajibu ndani ya dakika moja, yeye ambaye nikimwomba ushauri wa ndoa anachukua wiki. "Kwato za nyuma si nzuri. Usinunue." Sikuwa nanunua. Nikatuma wa pili, mweusi, mfupi, hana nundu kabisa. Huyo ana damu ya N'Dama, mbegu ya Afrika Magharibi, asili yake milima ya Guinea, na sifa yake ni kwamba mbung'o anamuuma na yeye anaendelea kula. Mjomba akajibu: "Nundu ameiuza wapi?" Nikamweleza habari ya nagana kwa kirefu, na Guinea, na yote. Akajibu: "Sawa. Lakini harusini hawezi kwenda."

Tangu hapo tumekuwa na mahakama. Natuma ng'ombe, mjomba anahukumu. Wenye pembe pana wa damu ya Afrikander aliwakubali shingo upande ("wanajua kusimama"). Ng'ombe waliokuwa juu ya lori, wamebanwa, vichwa nje, alikataa kuwajadili: "Mtu hahukumiwi akiwa safarini." Kwa hiyo baba mdogo anaposema napoteza bando, ajue kwamba mjomba na mimi tumeongea zaidi mwaka huu kuliko miaka yote tuliyoishi nyumba moja.

Kupiga picha nchi hii, hata hivyo, kuna adabu zake. Kamina ina kambi kubwa ya jeshi yenye uwanja wa ndege, Wabelgiji waliianza baada ya Vita vya Pili, na watu wa njia hii wamezoea kumwangalia mwenye kamera mara mbili. Mtu huombwa ruhusa, gari huombwa ruhusa ya mwenye gari, daraja haliombwi, linaachwa. Mimi naomba hata kwa ng'ombe. Lakini kwenye kizuizi kimoja cha njiani, ambacho sitakitaja, jamaa mwenye kofia aliniona nainua simu kuelekea lori.

"Unapika foto ya nini?"

"Usukani, shefu."

"Usukani iko na siri gani?"

Akachukua simu. Akafungua picha. Akaanza kupitisha kwa kidole, polepole, uso umekazwa kwa kazi ya dola. Usukani. Usukani. Ng'ombe. Pua ya Howo. Usukani. Ng'ombe yuleyule, kwa mbali. Usukani wenye manyoya. Akamwita mwenzake. Mwenzake akaleta kiti. Walitafuta daraja, walitafuta askari, walitafuta hata mwanamke. Walipofika kwenye usukani wa mti wa kinga, mkubwa wao akanirudishia simu kwa mikono miwili, na kuwaambia wenzake: "Huyu haiko mupelelezi. Iko mugonjwa."

Nikaruhusiwa kupita bure, jambo ambalo madereva wanalisimulia mpaka leo. Kabla sijaondoka yule mwenye kiti alinifuata pembeni, akaniuliza kama naweza kuja siku moja kupiga ya pikipiki yake.

Kwenye kituo cha treni nimeshindwa kupiga picha. Reli ndiyo iliyouleta mji huu, na treni ikifika, hata kama imechelewa siku mbili, ni sikukuu: watu, magunia, mbuzi juu, vitumbua chini. Nilitamani sana. Lakini mlinzi wa pale alishazipata habari zangu, akanitazama, akasema kwa huruma, "Fundi, treni haina usukani." Nikasema najua. Akasema, "Basi unataka nini?" Sikuwa na jibu ambalo lingeninufaisha mbele ya sheria.

Mama, nisikudanganye, uso upo. Fungua ile picha ya Scania nyeupe uliyoilalamikia kwamba ni mlango mtupu. Angalia kioo cha pembeni. Huyo mwenye kofia ya bluu na oili shavuni ni mimi. Sijakonda. Nakula bukari, ndio ugali wa huku, na sombe, ndio kisamvu, na samaki wa Bukama wakipatikana. Kwenye usukani wa lile Benzi pia nipo, kwenye nembo ya katikati, ila hapo nimebinuka na pua imekuwa kubwa, usiwaonyeshe majirani.

Shemeji, picha ya jengo refu nitapiga nikipita Lubumbashi, nakuahidi, ingawa sioni jengo linakuambia nini. Jengo halijatoka Japani, halijavuka mpaka, halijakatwa dashibodi.

Na ninyi sasa ni zamu yenu. Nyuma ya ginneri pale Kahama, kama haijauzwa chuma chakavu, kulikuwa na Bedford ya zamani iliyootewa na mti. Mpwa, nenda kapige picha usukani wake. Mchana, jua likiwa nyuma yako, kioo cha simu kimefutwa, na usimweke mdogo wako mbele akinyoosha vidole viwili. Baba mdogo, trekta lako nalo, usukani tu. Kiti chake nakikumbuka vya kutosha.

Mjomba, nimesikia unataka kumpeleka mnadani yule dume mweupe wa mabaka. Sikuzuii, ng'ombe ni wako. Lakini usimuuze kabla hujampiga picha: ubavu mzima, kichwa kielekee kushoto, kwato zote nne zionekane. Tuma usiku baada ya saa nne yenu, saa tatu yetu, bando ni rahisi. Nitakupa hukumu asubuhi.